Je, Mashine Isomayo Ubongo Itakifahamu Kiswahili?

Wapo wanadamu ambao ndimi zao zimefungwa na viungo vyao vimelegea kabisa, ilhali akili zao zi timamu kama yako na yangu, mpenzi msomaji. Wanasikia kila neno. Wanajua leo ni siku gani, ni nani ameingia chumbani, na ni nani amesahau kuzima taa. Wanachokosa ni njia tu ya kulitoa neno nje. Hao si maiti wala si wagonjwa wa akili. Ni wafungwa, na gereza lao ni mwili.

Hapa kwetu Ongata Rongai ninamfahamu mmoja wao. Ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiswahili na Historia kwa zaidi ya miongo mitatu, kisha akapatwa na kiharusi kilichomwachia uwezo wa kufumba na kufumbua macho, na mengine machache mno. Binti yake huketi kando ya kitanda na kuzitaja herufi moja baada ya nyingine, a, b, ch, d, hadi baba afumbe jicho. Hapo huiandika herufi hiyo daftarini, akaanza upya. Ukizitaja herufi kwa mpangilio huo, bila kuzijumlisha dh na gh, neno fupi kama "maji" humlazimu binti atamke herufi 33: kumi na tatu ili aifikie m, moja kwa a, kumi kwa j, na tisa kwa i. Hayo ni maji tu. Mwalimu huyu alizoea kusahihisha insha za kurasa nne.

Njia hii si ngeni duniani. Mwandishi wa Kifaransa Jean-Dominique Bauby, aliyekuwa mhariri wa jarida la Elle mjini Paris, alipigwa na kiharusi mnamo Desemba 1995, akabakiwa na jicho la kushoto pekee. Kwa jicho hilo aliandika kitabu kizima, kilichochapishwa Machi 1997, siku chache tu kabla ya kifo chake. Msaidizi wake hakumtajia alfabeti kwa mpangilio tuliokaririshwa shuleni. Alizitaja herufi kwa kufuata wingi wa matumizi yake katika Kifaransa: e ikatangulia, ikafuatwa na s, kisha a. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa, nami nitalirejea, kwa maana linaonyesha kuwa hata kifaa duni kabisa cha kuandikia, yaani jicho moja na mtu mmoja mwenye subira, hakina budi kuijua lugha ya anayekitumia.

Tuitazame sasa mashine. Mnamo 1924 daktari Mjerumani Hans Berger, katika mji wa Jena, alifaulu kuyanasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu, na mwaka 1929 akayachapisha matokeo yake. Umeme huo ni hafifu ajabu. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti, hivi kwamba betri ndogo ya tochi huushinda mara maelfu. Madaktari huupima hadi leo wanapochunguza kifafa. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles akaliuliza swali lililofungua uwanja mpya: je, umeme huu hauwezi kuiamuru tarakilishi? (Wapo watakaoninunia kwa kusema tarakilishi badala ya kompyuta. Na waninunie, mjadala huo tumekwisha kuuchosha.)

Jibu lililowafaa waandishi lilipatikana 1988. Lawrence Farwell na Emanuel Donchin, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walipanga herufi na amri chache katika jedwali la safu sita kwa sita, jumla vyumba 36, wakaziwasha na kuzizima safu hizo kwa zamu mbele ya mtu aliyevaa vipokezi kichwani. Mtu huyo aliikazia macho herufi aitakayo na kusubiri iwake.

Ili uelewe kilichotokea, simama jioni katika kituo cha matatu hapa Rongai. Makanga wanaita kwa zamu: Tao! Bomas! Kiserian! Karen! Sauti hizo hupita masikioni mwako kama mvua juu ya bati, hadi litajwapo jina la huko uendako. Hapo akili hushtuka, hata kabla hujageuza shingo. Mshtuko huo una alama yake katika umeme wa ubongo. Ni wimbi linalopanda takribani milisekunde 300 baada ya kitu kilichokuwa kikingojewa kutokea, ndiyo maana wataalamu wameliita P300. Tarakilishi hutafuta ni mmweko wa safu ipi ya mlalo na ni wa safu ipi ya wima uliomshtua mtu, na pale zinapokutana safu hizo mbili ndipo ilipo herufi. Mashine haikusoma fikra, kama wasemavyo watangazaji wa redio. Imekisia tu ni kitu gani kilikuwa kikingojewa.

Kasi yake ilikuwa kama herufi 2.3 kwa dakika, yaani takribani sekunde 26 kwa kila herufi. Mwenye mikono mizima atacheka. Aliyelala kitandani hatacheka, maana kwa mara ya kwanza anaweza kuandika bila kumwomba mwanawe aketi naye.

Hapa ndipo Wajapani wanaponivutia, na ndiyo sababu hasa ya makala haya. Sisi tunaandika kwa herufi zisizofika thelathini. Wao wana vibambo vyenye asili ya Uchina, viitwavyo kanji, na orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, tangu 2010, ina vibambo 2,136. Mtoto wa shule ya msingi pekee hutakiwa kujifunza 1,026. Juu ya hivyo wana alama za silabi, kana, za aina mbili, kila aina ikiwa na alama za msingi 46. Vipi utavipanga vibambo elfu mbili katika jedwali linalowaka na kuzimika? Ukifanya hivyo, mgonjwa atalala usingizi kabla ya sentensi kwisha.

Swali hili si geni kwao. Walilikabili zamani kwa vidole kabla ya kulikabili kwa ubongo. Mwaka 1915 Sugimoto Kyota alibuni taipureta ya Kijapani yenye trei ya vipande vya chuma zaidi ya 2,000. Karani alikitafuta kila kibambo kwa jicho, akakiokota kwa mkono wa mashine na kukigonga karatasini, na kazi hiyo ilihitaji mafunzo marefu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, ujumbe wa elimu kutoka Marekani uliwashauri Wajapani wayaache maandishi yao na kuandika kwa herufi za Kirumi. Katika mwaka huo huo serikali yao ilipunguza vibambo vya matumizi ya kila siku hadi 1,850, lakini haikuviacha. Wenye haraka walisema kwamba taifa lisilo na taipureta nyepesi litabaki nyuma milele.

Taifa hilo halikubaki nyuma. Mnamo 1978 kampuni ya Toshiba ilitangaza mashine ya kwanza ya kuchapa Kijapani kwa njia mpya, JW-10, yenye ukubwa wa meza, uzito wa takribani kilo 220 na bei ya yeni milioni 6.3. Ajabu yake haikuwa katika chuma, bali katika maarifa ya lugha yaliyotiwa ndani. Mtu aliandika neno kwa silabi, jinsi litamkwavyo, nayo mashine ikamletea vibambo vinavyoweza kulingana na matamshi hayo ili achague. Chukua neno "hashi": laweza kuwa daraja, laweza kuwa vijiti vya kulia chakula, laweza kuwa ukingo wa kitu, na kila moja lina kibambo chake. Ni kama "paa" letu, ambalo ni la nyumba, ni mnyama wa nyikani, na ni kitendo cha ndege aondokapo ardhini. Mashine ilipaswa kuangalia maneno jirani na kupendekeza lililo karibu zaidi na ukweli. Simu zao zote leo hufanya hivyo hivyo. Kwa ufupi, Wajapani hawakuipunguza lugha ili itoshee mashine. Waliifundisha mashine lugha.

Ilipowadia zamu ya ubongo, njia ilikuwa imekwisha kufyekwa. Hapakuwa na haja ya kuwasha vibambo 2,136. Inatosha kuwasha jedwali la kana, mgonjwa akaandika kwa silabi, kisha akachagua kanji katika orodha fupi. Watafiti wa kituo cha taifa cha urekebishaji wa watu wenye ulemavu, mjini Tokorozawa, walichapisha mwaka 2009 utafiti kuhusu rangi za mimweko hiyo, wakaonyesha kuwa kijani na buluu huleta matokeo bora kuliko nyeupe na kijivu. Usidhani ni jambo la urembo. Japani haijasahau jioni ya tarehe 16 Desemba 1997, ambapo zaidi ya watoto 600 walikimbizwa hospitali baada ya kutazama mimweko ya nyekundu na buluu katika katuni ya Pokémon kwenye televisheni. Anayemmulika mgonjwa machoni saa nzima ana wajibu wa kujali rangi.

Lakini mwalimu mwenzangu, litazame hilo jedwali la kana kwa makini. Safu ya kwanza ni irabu tano. Zinazofuata ni ka, ki, ku, ke, ko, sa, shi, su, se, so, na kadhalika. Umelionea wapi? Limebandikwa ukutani katika kila darasa la chekechea kuanzia Rongai hadi Kitengela: a, e, i, o, u, ba, be, bi, bo, bu. Kijapani na Kiswahili hazina nasaba yoyote, ila zina irabu tano zile zile, na aghalabu silabi zake huishia kwa irabu. Lugha yetu, kwa umbo lake, iko karibu na jedwali hilo kuliko ilivyo Kiingereza, ambamo silabi moja yaweza kurundika konsonanti tatu mbele na tatu nyuma.

Mwanafunzi hodari wa hesabu ataniuliza: je, tukiwasha silabi badala ya herufi tutapata faida gani? Tupige hesabu pamoja. Neno "nimekwishamwandikia" lina herufi 19 na silabi 8: ni, me, kwi, sha, mwa, ndi, ki, a. Kwa jedwali la sita kwa sita, kila duru ina mimweko 12, sita ya mlalo na sita ya wima. Herufi 19 zitahitaji mimweko 228 kwa kila duru. Silabi zetu ni nyingi kuliko herufi. Tuseme tunazipanga katika vyumba 156, safu 12 kwa 13, mimweko 25 kwa duru. Silabi nane ni mimweko 200. Tumeokoa 28 kati ya 228. Si haba, lakini si muujiza. Jedwali peke yake halitatukomboa.

Kitakachotukomboa ni kile kilichokuwa ndani ya ile mashine ya 1978, yaani ujuzi wa lugha. Mtu akishaandika "nime", mashine ijuayo sarufi ya Kiswahili yajua kuwa kinachokuja ni ama kiambishi cha mtendwa ama mzizi wa kitenzi, na yaweza kuondoa mezani silabi zisizowezekana. Mashine isiyojua itaendelea kumwonyesha mgonjwa vyumba vyote 156 kama mgeni aliyeshuka leo bandarini.

Jambo hili limezidi kuwa zito katika mashine za siku hizi. Mwaka 2021 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford lilitangaza katika jarida la Nature kuwa mtu aliyepooza, mwenye vipokezi vidogo vilivyopandikizwa ndani ya ubongo wake, aliwaza kana kwamba anaandika kwa mkono, na tarakilishi ikazitambua herufi zake kwa kasi ya 90 kwa dakika. Usahihi ulikuwa asilimia 94.1, baada ya tarakilishi kusahihisha kwa kutumia ujuzi wake wa Kiingereza, ukapita asilimia 99.

Ninawaomba wanafunzi wasiipite tofauti hiyo kwa haraka. Asilimia 94.1 yasikika kama alama ya kujivunia. Hata hivyo, ikiwa kila herufi ina uwezekano wa 0.941 wa kuwa sahihi, neno la herufi tano lina uwezekano wa takribani 0.74 wa kutoka bila kosa. Neno letu la herufi 19 lina takribani 0.32. Maana yake, mara mbili kati ya tatu litatoka likiwa na kosa. Kwa asilimia 99 uwezekano hupanda hadi 0.83. Basi nani anahitaji zaidi usahihishaji wa lugha: Mwingereza na maneno yake mafupi, au Mswahili ambaye kitenzi chake kimoja ni sentensi nzima? Ni sisi. Na ni nani aliyetengenezewa? Ni yeye.

Mwaka 2023 watafiti hao wa Stanford walipiga hatua nyingine: mama mmoja aliyepoteza usemi kwa maradhi ya ALS, yale yanayonyausha neva za misuli, alijaribu kutamka, na mashine ikayageuza majaribio hayo kuwa maandishi kwa kasi ya maneno 62 kwa dakika, katika msamiati wa maneno 125,000. Takribani neno moja kati ya manne lilikosewa. Nguzo ya kazi hiyo, tena, ilikuwa orodha ya maneno ya Kiingereza na takwimu za jinsi yanavyofuatana.

Orodha ya maneno! Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kuinua mkono. Chukua mzizi mmoja, "andikia". Uuambishe nafsi sita za watendaji, nyakati nne tu za kawaida, na nafsi sita za watendewa. Hata ukiondoa miungano isiyosemeka, unapata zaidi ya maumbo mia moja, nawe hujagusa ukanushi, wala ngeli nyinginezo, wala kauli ya kutendwa, wala virejeshi. Lugha ya namna hii haiwekwi katika orodha. Huwekwa kwa kanuni, na kanuni huandikwa na wanaoijua.

Wapo walioanza. Kuanzia 1985 Arvi Hurskainen alijenga programu iitwayo SALAMA inayochambua maneno ya Kiswahili kiambishi kwa kiambishi, na chini ya uongozi wake ukakusanywa mkusanyo wa matini wa maneno milioni 12.5. Kazi hiyo ilifanyika wapi? Si Mombasa, si Dodoma. Ni Helsinki, nchini Ufini, ambako theluji hufunika barabara kwa miezi. Simlaumu, ninamshukuru. Nyumbani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Tangu 2019 vijana wa kundi la Masakhane, kutoka nchi nyingi za Afrika, wamekuwa wakizifundisha tarakilishi lugha zetu, Kiswahili kikiwamo. Ni mwanzo mwema, japo waliobeba mzigo ni wachache na wengi wao wanajitolea.

Hapa Kenya ubongo na mashine si mambo ya kusoma magazetini tu. Vijana wawili wa Kiambu, wasio na shahada ya uhandisi, walijulikana duniani kwa kuunda mkono bandia kutokana na taka za vifaa vya umeme, wakisema kuwa huendeshwa kwa ishara za ubongo. Wataalamu watapima ni kwa kiasi gani ubongo ndio unaouendesha. Mimi nilichokiona ni kwamba kiu ipo, na haikungoja ruhusa.

Atasema msomaji mmoja: tuna hospitali zisizo na glavu, nawe watuletea habari za kuchomeka waya ubongoni? Hoja hiyo ina nguvu, na sitajifanya haina. Vipandikizi vya Stanford hutarajii kuviona Rongai mwaka huu wala mwakani. Lakini kuna mambo mawili hayagharimu hata senti ya chuma. La kwanza ni kuiweka lugha tayari, kwa sababu bei za mashine hushuka, kama ilivyoshuka ile iliyokuwa na uzito wa kilo 220 hadi ikaingia mfukoni, na siku itakaposhuka haitatusubiri tuanze kukusanya maneno. Kuna na jirani yetu aliye katika hatari kubwa zaidi. Jina lenyewe la mji huu, Ongata Rongai, ni la Kimaasai, uwanda mwembamba. Lugha hiyo ina irabu tisa, na wanasarufi, tangu Tucker na John Tompo ole Mpaayei katika kitabu chao cha 1955, wamezitenga zile nne za ziada kwa alama ɛ, ɔ, ɨ na ʉ. Zitafute katika kibodi ya kawaida. Hazipo, na kwa hiyo wengi huandika e, o, i na u tu, na msomaji akaachiwa kukisia. Mzee wa Kajiado aliyepooza atahitaji jedwali lenye irabu tisa. Nani analichora?

La pili ni kuwasaidia waliolala leo. Wajapani, pamoja na viwanda vyao vyote, bado wanatumia kifaa ambacho fundi yeyote wa fremu za picha anaweza kukutengenezea: ubao wa plastiki angavu ulioandikwa jedwali la kana. Msaidizi huushika kati ya uso wake na uso wa mgonjwa. Mgonjwa hukazia macho silabi aitakayo, msaidizi husogeza ubao hadi macho yao yakutane kupitia silabi hiyo, akaitamka. Mwaka 2019 Yasuhiko Funago, mgonjwa wa ALS asiyeweza kusema, alichaguliwa kuingia baraza la juu la Bunge la Japani. Ukumbi ulirekebishwa ili kiti chake cha magurudumu kipite, wasaidizi wakaruhusiwa kuingia naye, na ubao wa namna hiyo ukawa miongoni mwa njia zake za kuzungumza. Mtu asiyeweza kutoa sauti alikuwa akiwauliza mawaziri maswali.

Nilimshauri binti wa yule mwalimu wetu ajaribu njia ya Kijapani kwa mdomo, kabla hata ya kununua plastiki. Aanze kutaja konsonanti peke yake, b, ch, d, f, na kuendelea; baba akifumba jicho, ataje irabu tano. Neno "maji", lililomgharimu matamshi 33, sasa linataka kumi kwa m, moja kwa a, saba kwa j, na tatu kwa i, jumla 21. Waliongeza ishara mbili, moja kwa irabu isimamayo peke yake na nyingine kwa konsonanti isiyo na irabu, kama m ya "mtu". Neno la kwanza ambalo baba yake aliliandika kwa njia hiyo lilikuwa "polepole". Binti huyo anasema kuwa hakujua kama alikuwa akiambiwa apunguze kasi au anasifiwa.

Hata hivyo mpangilio wa b, ch, d ni urithi tu wa alfabeti. Haukutokana na lugha yenyewe. Msaidizi wa Bauby alianza na e kwa sababu Kifaransa kina e nyingi. Kiswahili kinataka kuanza na konsonanti ipi? Ninawaachia walimu wa kidato cha kwanza na wanafunzi wao kazi hii, nayo haihitaji zaidi ya kalamu. Mpe kila mwanafunzi aya moja ya gazeti, ahesabu kila konsonanti imetokea mara ngapi, na akishamaliza ahesabu irabu pia. Nadhani a itawaacha wenzake mbali. Aya arobaini zijumlishwe ubaoni, orodha ipangwe kuanzia yenye wingi mkubwa, inakiliwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya manila, na ipelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu na shule, wodi ya wagonjwa wa kiharusi. Watakaopata matokeo wayaandike na idadi ya maneno waliyohesabu, ili darasa la shule nyingine liweze kuyajumlisha na yake.